Kuku Wanene wa Mwaka wa Mahindi

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama una kazi mkononi, kuchambua mchicha au kukuna nazi, endelea nayo tu. Nataka kukueleza habari ya unga wa mahindi. Najua unadhani unaijua: unga unanunuliwa dukani, maji yanachemka, ugali unasongwa, watu wanakula. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofika umri wa miaka kumi na mitatu.

Nilipokuwa mtoto, chakula chetu watu wa Bagamoyo kilikuwa wali. Ukikosa wali ulikula muhogo. Mahindi tuliyajua ya kuchoma, tukiyatafuna barazani msimu wake ulipofika. Ugali wa mahindi tuliula siku mojamoja, tena kwa masharti. Masharti hayo nitayaeleza taratibu, kwa sababu bila hayo hutaelewa kilichotupata.

Mahindi makavu yalinyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni mpaka ganda la nje likatoka. Ganda hilo ndilo pumba. Yakapepetwa kwa ungo, pumba zikaruka, punje zikabaki nyeupe. Punje zikalowekwa mtungini siku tatu, maji yakibadilishwa kila asubuhi ili zisichache. Kisha zikaoshwa, zikaanikwa juu ya jamvi, na kabla hazijakauka kabisa zikarudi kinuni. Unga ukachekechwa. Kilichobaki juu ya chekeche ni chenga, nazo zikatwangwa tena na kuchekechwa tena. Huo ndio unga wa sembe. Ulikuwa mweupe na laini, na shabaha yetu ilikuwa hiyo hasa: ikiwa mtu wa pwani analazimika kula mahindi, basi yafanane na mchele kadiri yanavyoweza.

Unga uliosagwa pamoja na ganda lake ni dona. Dona ilisemwa ni chakula cha vibarua wa mashamba ya mkonge. Hukumwekea mgeni dona. Ungempa kikombe cha maji ukamwomba radhi, naye angeondoka bila kukuwazia vibaya.

Nyumbani kwetu jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu mama alizaliwa Ubena, si ile ya kusini bali kijiji cha bara kidogo, kwenye watu wanaokula ugali kila siku ya Mungu. Baba alimwoa na kumleta Bagamoyo, na siku ya harusi mawifi walimpokea kwa vigelegele na utani mkali. Mmoja wao, dada yake baba, alimwita Bibi Harusi wa Dona. Watu walicheka, mama naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyechekecha unga kama yeye. Wengine walichekecha mara mbili, yeye mara tatu.

Baba alikufa miaka ya vita, mwanzo wa masika, kwa homa ya siku nne. Alikuwa mkulima wa mpunga katika bonde la Ruvu. Aliacha shamba lililopandwa nusu, mke, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka minne. Mama akaingia eda. Kama hujui, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi shamba, wala sokoni, wala hapiti kwa majirani kuzungumza. Shamba likaota majani. Mchele nao mwaka huo ulikuwa adimu mjini kote, na uliopatikana haukuwa wa watu kama sisi.

Siku ya kuvunja matanga ndugu za baba walikaa barazani. Sisi tulikuwa ndani, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Tulisikia mmoja akisema mjane hana shamba wala mchele, hawa watoto watakula nini? Mwingine akasema wapelekwe Saadani kwa shangazi yao. Shangazi huyo ndiye yule wa utani wa harusi. Mume wake alikuwa mvuvi, na nyumbani kwake samaki hawakukosekana.

Shangazi akajibu, nasi tukamsikia vizuri, maana sauti yake haikujua kunong'ona. "Mimi sichukui mtoto wa mtu kwa maneno ya barazani. Nitakwenda, nitarudi baada ya wiki mbili, nikae siku saba. Nikiona watoto wa ndugu yangu wana njaa, naondoka nao. Nikiona wanakula, nawaacha na mama yao. Wifi, umenisikia?"

Mama alijibu kutoka ndani, "Nimesikia, wifi."

Baadaye alinishika mkono, mkono wake baridi, akasema, "Mwanangu, atakapokuja atakuta unga mweupe."

Unga wenyewe hatukuwa nao. Lakini siku chache baadaye mjomba wangu alifika kutoka Ubena, baiskeli yake imebeba nusu gunia la mahindi. Alikunywa maji, akampa dada yake pole, kisha akasema wazi, "Dada, yasage hivihivi na ganda lake. Ukifanya hivyo yatakufikisha hata mpunga wa watu uanze kuvunwa, na huyu binti apate kibarua cha kupepeta. Ukianza mambo yenu ya pwani ya kuyavua nguo, hayafiki popote."

"Anakuja wifi yangu," mama alisema.

"Wifi yako ana meno kama wewe."

"Humjui wewe."

Mjomba akacheka, akapanda baiskeli yake. Nasi tukayavua nguo.

Nilitwanga mimi, mama akapepeta na kuchekecha. Tulipima kwa kibaba, kile kipimo cha kibuyu kilichojaa mpaka mdomoni. Kila tulipotoa vibaba vinne vya mahindi, tulipata viwili na nusu vya unga, na chenga kidogo. Zilizobaki ni pumba, na pumba ni za kuku. Tulikuwa na kuku watatu, majike wawili na jogoo mmoja, tuliowaweka kwa ajili ya hitima ya arobaini ya baba. Kila asubuhi nilizichanganya pumba na maji nikawawekea kwenye kigae. Walizipenda sana. Mama alikuwa akiwatazama kwa kuridhika. Alisema, "Angalau hitima ya baba yenu itakuwa na nyama."

Shangazi alifika siku aliyosema. Alikuja kwa miguu kando ya bahari, akavushwa mto Wami kwa mtumbwi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba wa mikono, na kicheko chake kilimtangulia mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, wifi, karibu ndani."

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka wewe! Mwambie baba yako akukatie..." Alikuwa amesahau, kama tulivyosahau sote mara kwa mara siku zile. Alifuta uso kwa upindo wa khanga, akamwinamia mdogo wangu. "Na huyu baba yangu mdogo, hajambo?" Akampakata kabla hajajibiwa, na hakumtua mpaka adhuhuri. Alikuja na furushi, na furushi lile hakulifungua mbele yetu.

Mama alikuwa amepanga kila kitu. Shangazi alikula ndani, kwenye sinia, pamoja na mama. Ugali mweupe, kisamvu cha nazi, siku nyingine matembele. Mama alishika tonge lilelile muda mrefu, akalichovya na kulichovya, ili wifi yake aone mkono unakwenda na kurudi. Sisi watoto tuliambiwa tutakula jikoni, kwa sababu watoto huchafua sinia la mgeni. Jikoni tulikula chenga zilizopikwa kama wali, na chenga zilikuwa kidogo. Baada ya hapo nilimimina maji ya moto juu ya ukoko uliobaki chunguni, nikakoroga, tukanywa uji. Usiudharau ukoko, msikilizaji wangu. Ulitushikilia.

"Msitazame mikono ya mgeni anapokula," mama alituagiza. "Na akiwauliza mmeshiba, semeni alhamdulillahi."

Aliuliza kila siku. Tulisema alhamdulillahi kila siku. Mdogo wangu alijifunza kulisema haraka hata kabla ya kuulizwa.

Siku ya nne unga ulianza kwisha. Sisemi mahindi, maana gunia lilikuwa na tumbo kidogo bado. Nasema unga mweupe, ule wa siku tatu mtungini. Niliukadiria, nikaona utamtosha shangazi peke yake mpaka siku ya saba, ikiwa mama ataendelea kushika tonge bila kulila. Nilimwambia mama. Akaniambia, "Basi mtosheleze."

Siku ya tano asubuhi nilikwenda kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani, nilimkuta shangazi amesimama uani, kimya. Hilo lenyewe lilinitisha. Alikuwa akitazama kwenye kivuli cha banda la jiko. Pale, kati ya kuku wawili na jogoo, alichutama mdogo wangu. Kuku walikuwa wakidonoa pumba kwenye kigae upande wao, naye anachota kwa vidole upande wake. Hawakumfukuza. Walikuwa wamezoeana. Nilijua hapo kwamba haikuwa siku ya kwanza.

Nilitua ndoo na maji mengine yakamwagika. Mdogo wangu aliinua uso, mdomo umejaa pumba, akamwona shangazi, akasema haraka, "Alhamdulillahi."

Shangazi hakucheka. Aliita kwa sauti ile ya barazani, "Wifi! Njoo uani."

Mama alitoka, akasimama mlangoni. Aliona kigae, akaona mtoto, akaona wifi yake. Sijui kama umewahi kumwona mtu anayejua kwamba ameshindwa na bado hajaambiwa. Mikono yake ilianza kuifunga khanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Kuku wa nyumba hii," shangazi alisema polepole, "wamenona kuliko watoto."

"Wifi..."

"Nimewatazama siku nne. Nilisema moyoni, huyu mjane ana riziki, kuku wake wanatembea kama mabibi harusi. Kumbe chakula cha watoto ndicho kiko kwenye kigae. Unanilisha mimi unga mweupe, watoto wa ndugu yangu wanagombea pumba na jogoo?"

Mama akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema, na sauti yake ilipanda. "Ningekupa nini? Ningekuwekea dona, wewe?"

"Kwani mimi nani?"

"Wewe ndiye uliyenipa lile jina. Mbele ya watu wote. Bibi Harusi wa Dona."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali. "Mimi?"

"Wewe."

"Siku ya harusi?" Alifikiri sana, kidole kimeshika kidevu. "Wallahi sikumbuki, wifi. Siku ile nilisema maneno mengi, nililipwa khanga mbili kwa kusema." Kisha akakaa juu ya kinu kilicholazwa pale uani. "Miaka yote hiyo unachekecha kwa ajili ya neno langu moja?"

Mimi ndiye niliyejibu, na hadi leo sijui nilipata wapi ujasiri. "Anachekecha mara tatu, shangazi."

Hapo shangazi alicheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Sasa na mimi niseme kweli. Ugali wako, wifi, ni mweupe kama san..." Akauma ulimi, maana ilikuwa nyumba ya msiba na alikuwa karibu kutaja sanda. "Ni mweupe sana. Lakini unaingia tumboni kama mgeni wa kupita. Jana nimelala na njaa, nikaona haya kuomba ukoko. Saadani masika yote tunakula dona na maji ya samaki, ndiyo inayotupeleka baharini na kuturudisha. Siku tano hizi mimi najifanya mtu wa sembe kwa ajili yako, nawe unajifanya kwa ajili yangu, na huyu hapa," akamwonyesha mdogo wangu, "ndiye pekee aliyekwenda kwenye chakula chenyewe."

Nilidhani mambo yamekwisha kwa wema. Hayakuwa yamekwisha. Shangazi aliinuka, akamfuta mtoto mdomo kwa khanga yake, akasema bila mzaha, "Lakini neno langu la barazani lipo palepale, wifi. Nilisema nikiona njaa nachukua. Nimeona njaa."

Mama alikaa chini pale mlangoni. Mdogo wangu akamwendea, akamkalia mapajani. Nikawaza nguo zangu mbili, nikawaza nani atakayemtekea mama maji akiwa edani. Sikulia. Nilikuwa nahesabu ndoo.

"Nikuulize jambo moja," shangazi alisema, "na unijibu kama unavyomjibu Mungu. Umebakiwa na nini?"

Mama aliinama. Neno lilimchukua muda kutoka, nami nililisikia kama jiwe linalosukumwa. "Sina kitu, wifi. Nina mahindi robo gunia na kuku watatu wa hitima. Sina kingine."

"Robo gunia la mahindi mazima?"

"Mazima."

"Mbona ni chakula hicho," shangazi akasema. "Kijaa kiko wapi?"

Kijaa chetu, yale mawe mawili ya mviringo yenye kishikio cha mti, kilikuwa pembeni mwa jiko na tulikitumia kwa choroko tu. Shangazi alikivuta kwa mikono yake mwenyewe, akatandika mkeka chini yake, akaketi upande mmoja. "Njoo, Bibi Harusi wa Dona," akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Nishike nawe ushike."

Mama akaja. Wakashika kishikio pamoja, mikono minne, jiwe likaanza kuzunguka. Mimi nilitia mahindi kwenye tundu, kiganja kwa kiganja. Unga ulioanguka pembeni ulikuwa na rangi ya mchanga mkavu, wenye madoa ya ganda, na harufu yake ilikuwa nzito kuliko ya sembe, harufu ya shamba. Vibaba vinne viliingia na vinne vilitoka, tena vikimwagikia mkekani.

Kazi hiyo ni ya taratibu, na kazi ya taratibu hufungua midomo. Shangazi alisema habari za baba alipokuwa mdogo, jinsi alivyoiba nazi na kuipasulia chini ya kitanda cha mama yao. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha shangazi akasema, akitazama jiwe, "Mimi Mungu hakunijalia mtoto, unajua. Walipotaja Saadani pale barazani, moyo wangu uliruka. Kwa hiyo nilijiwekea masharti magumu, nisije nikachukua kwa tamaa nikasema ni huruma."

Mama alisimamisha jiwe. Alimshika wifi yake mkono, juu ya kishikio, kisha wakaendelea kuzungusha.

Nilipika mimi, na nilikosea. Nilipima maji kama ya sembe na kusonga upesi kama sembe, nikatoa ugali mgumu unaokwaruza koo, mbichi katikati. Shangazi alitafuna, akameza kwa juhudi. "Huu wa kujengea nyumba, mwanangu." Usiogope kukosea hivyo, kila mtu aliyetoka kwenye sembe huanza pale. Mama alinyanyuka, akaninyang'anya mwiko. Alirudisha chungu mafigani, akaongeza maji, akauvunjavunja ugali ule ukawa uji mzito, akaacha utokote muda mrefu, ukirusha matone yanayounguza. Ndipo akaongeza unga. Aliketi kwenye kibao, akakizuia chungu kwa kijiti na unyayo wake, akasonga kwa mikono yote miwili, akiugeuza na kuubana ukutani mwa chungu. Ule ulikuwa mkono wa Ubena. Kwa miaka kumi na mitatu ulikuwa haujaonekana mbele yangu.

Shangazi alitaka kuku mmoja achinjwe. Mama alikataa, kuku ni wa hitima.

"Hitima ni dua," shangazi akasema. "Ndugu yangu hatakula kuku. Watoto wake watakula."

"Watu watasema."

"Nitakuwepo niwasikie."

Mzee wa nyumba ya pili aliitwa, akamchinja jike mmoja. Siku hiyo tulikula sote sinia moja, mchuzi wa kuku na dona, na mdogo wangu alilala hapohapo kwenye mkeka, mkono ungali ndani ya sinia.

Shangazi alitimiza siku zake saba. Siku mbili zilizobaki alikula dona asubuhi uji na mchana ugali, akapima kwa macho gunia linavyoshuka, akaona halishuki kwa kasi. Asubuhi ya kuondoka alimwita mama.

"Nitakwenda peke yangu. Lakini nina sharti. Mahindi yakifika chini ya gunia, utanitumia neno Saadani. Usingoje kwisha. Utasema sina, kama ulivyosema juzi. Ukinificha tena, wifi, nitakuja na nitawachukua, na sitakaa hata siku moja."

"Nitasema," mama alisema.

"Sema sasa nisikie."

"Nitasema sina."

Ndipo alipofungua lile furushi. Ndani kulikuwa na kanzu ndogo ya mtoto wa kiume, imeshonwa kwa mkono, na taraza ya hariri, ule mshono wa urembo, shingoni. Kanzu hiyo haikushonwa kwa siku mbili tatu. Aliishona akimngoja mtoto nyumbani kwake. Alimvisha mdogo wangu, akainyoosha mabegani, akasema imemkaa vizuri. Kisha akatoka, akatangulia na kilio chake njiani ili tusikisikie.

Mama alituma neno mara mbili kabla ya eda kwisha. Mara ya kwanza aliandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na mama alilia wakati anatamka maneno. Mara ya pili alimwambia tu mchukuzi wa samaki aliyekuwa akirudi Saadani, huku anachambua kisamvu. Mara zote mbili ulifika mtungi wa papa mkavu na kikapu cha mahindi. Hitima ya arobaini ilisomwa, kukawa na kuku wawili na mikate ya unga wa mahindi iliyookwa kwa majani ya mgomba. Shangazi alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Kama kuna mtu alisema lolote, alilisema mbali naye.

Tulibaki na mama. Eda ilipokwisha alikwenda bondeni akavuna mpunga wa watu kwa ujira wa mpunga, nami nikapepeta. Wali ulirudi nyumbani, si wa kila siku. Siku nyingine zote tulikula dona, na kuku tuliowapata baadaye walichakura kama kuku wa watu wengine.

Basi nawe jaribu, hata kama umezoea unga mweupe. Kwa watu wanne chukua maji vikombe sita na unga wa dona vikombe vinne, usichekeche. Kikombe kimoja cha unga kikoroge kwenye kikombe kimoja cha maji baridi. Maji mengine yachemshe, mimina mchanganyiko huo ndani huku unakoroga, na uache uji utokote muda mrefu kuliko unavyodhani, mpaka harufu ya ubichi ikuishie puani. Ongeza unga uliobaki kidogokidogo, songa na kugeuza mpaka ushikamane na usinate kwenye mwiko. Punguza moto, funika, subiri kidogo, kisha epua na upakue ungali moto.